Tiba ya mazingira ya asili kwa wazee: namna miti, bustani na matembezi yanavyosaidia akili na kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu

Kutembea asubuhi chini ya miti, kumwagilia mboga uani au kukaa barazani penye kivuli ni mambo ya kawaida katika maisha ya Watanzania. Katika miongo ya karibuni, mambo hayo yamechunguzwa na wataalamu wa afya wa nchi mbalimbali na kuingizwa katika huduma rasmi kwa wazee, hususan wanaokabiliwa na sonona, upweke, wasiwasi na upungufu wa kumbukumbu.

Makala haya yanaeleza maana ya tiba hiyo, namna inavyofanya kazi, ushahidi uliopo na mipaka yake, pamoja na hatua ambazo familia, mitaa na makazi ya wazee yanaweza kuchukua. Aidha, yanaeleza kwa nini desturi ya kumfungia mzee ndani kwa nia njema inaweza kumdhuru, na lini mzee anapaswa kupelekwa katika kituo cha afya badala ya bustanini.

Maana ya tiba ya mazingira ya asili

Tiba ya mazingira ya asili ni utaratibu uliopangwa wa kumkutanisha mtu na miti, mimea, maji, wanyama au mandhari ya nje kwa lengo la kulinda au kuboresha afya yake ya mwili na akili. Utaratibu huo una mambo matatu yanayoutofautisha na matembezi ya kujifurahisha: una lengo linalojulikana, unarudiwa kwa ratiba, na unasimamiwa na mtu anayefahamu hali ya mshiriki.

Ni vema kuitofautisha na tiba asili. Tiba asili, kama inavyofahamika nchini, hutumia mizizi, magome, majani na dawa nyingine za kienyeji. Tiba inayozungumzwa hapa haihusu kunywa wala kupaka kitu chochote. Mti hautumiki kama dawa; unatumika kama mahali pa kukaa, kutembea, kunusa, kugusa, kufanya kazi na kuzungumza na wenzako.

Aina zake kuu ni nne. Ya kwanza ni matembezi ya polepole katika msitu au bustani ya umma. Ya pili ni tiba ya kilimo cha bustani, ambapo washiriki hupanda, hupalilia na huvuna. Ya tatu ni huduma ya mchana shambani, ambapo mzee hushinda katika shamba lenye mifugo na mazao chini ya uangalizi. Ya nne ni bustani za tiba, ambazo hujengwa kwa kuzingatia mahitaji ya watu wenye udhaifu wa mwili au kumbukumbu.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu takribani milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, yaani kundi la magonjwa ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kujihudumia. Zaidi ya asilimia 60 ya watu hao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kila mwaka wagonjwa wapya wanakaribia milioni 10. Ugonjwa wa Alzheimer huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote.

Tanzania si kisiwa katika jambo hili. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, ilibainika kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa rika hilo walikuwa na demensia. Kiwango hicho kinakaribiana na cha nchi zenye kipato kikubwa, jambo linaloondoa dhana kuwa ugonjwa huo ni wa mataifa ya mbali.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, uzito uliokithiri, uvutaji wa sigara, upungufu wa kusikia na wa kuona, sonona, kutofanya mazoezi, hewa chafu na kutengwa na jamii. Msomaji atabaini kuwa matatu kati ya hayo, yaani sonona, ukosefu wa mazoezi na kutengwa, yanagusana moja kwa moja na suala la mzee kutoka nje au kubaki ndani.

Namna mazingira yanavyofanya kazi

Wataalamu wanaeleza njia tano ambazo mazingira ya asili huweza kuugusa ubongo na moyo wa mzee.

Njia ya kwanza ni kupumzika kwa umakini. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1989 kwamba umakini wa binadamu huchoka kama msuli. Barabara yenye magari na kelele humlazimisha mtu kuwa macho wakati wote. Majani yanayopeperushwa na upepo, ndege au maji yanayotiririka huvuta macho bila kuichosha akili, na hivyo kuupa umakini nafasi ya kurejea. Kwa mzee ambaye uwezo wake wa kuzingatia jambo umepungua, pumziko hilo lina thamani kubwa zaidi.

Njia ya pili ni kutulia kwa mwili. Mtu mwenye msongo hutoa kwa wingi homoni ya kotisoli, mapigo ya moyo huongezeka na shinikizo la damu hupanda. Majaribio yaliyofanyika katika misitu 24 nchini Japani yalionesha kuwa washiriki waliokaa na kutembea msituni walikuwa na kiwango cha chini cha kotisoli, mapigo ya polepole zaidi na shinikizo la chini la damu kuliko walipokuwa mjini.

Njia ya tatu ni mwendo. WHO inapendekeza wazee wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Mzee ambaye hawezi kushawishika kufanya mazoezi mara nyingi hukubali kwenda kuangalia mihogo yake.

Njia ya nne ni mwanga wa mchana. Mwanga wa asubuhi husaidia saa ya ndani ya mwili kutenganisha usiku na mchana. Wenye demensia wengi hulala mchana na kuhangaika usiku, hali inayowachosha sana wanaowahudumia. Kutoka nje mapema ni sehemu ya kurekebisha mzunguko huo.

Njia ya tano ni hisi na kumbukumbu za mikono. Katika hatua za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer, kumbukumbu ya matukio ya karibuni huharibika mapema, ilhali stadi zilizozoeleka kwa miaka mingi hudumu kwa muda mrefu zaidi. Bibi aliyesahau alichokula asubuhi anaweza bado kupukuchua mahindi, kuchambua mchicha au kutenga mbegu nzuri na mbovu. Akifanya hivyo mbele ya wajukuu, anarejea kuwa mwenye ujuzi, si mzigo wa kuhudumiwa tu.

Ushahidi wa kitafiti na mipaka yake

Miongoni mwa tafiti za mwanzo zinazorejewa sana ni ule wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science. Mtafiti huyo alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa katika vyumba vyenye dirisha linalotazama miti, na nusu nyingine walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuhusu wazee, watafiti jijini Tokyo waliwafuatilia kwa miaka mitano wakazi 3,144 waliozaliwa kati ya mwaka 1903 na 1918. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa wazee walioishi karibu na maeneo ya kijani yanayofaa kutembelewa kwa miguu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na hali ya kiuchumi.

Nchini Singapore, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa wazee 59 kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilishiriki tiba ya bustani kila wiki kwa miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mingine. Kundi hilo lilionesha kupungua kwa kiashiria kimojawapo cha uvimbe mwilini, aina ya mabadiliko ambayo huhusishwa na sonona na kuzeeka kwa ubongo.

Kwa wagonjwa wa demensia wanaoishi katika makazi maalumu, mapitio ya tafiti 17 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalibaini dalili kwamba kutumia bustani hupunguza hali ya kuhangaika na ghadhabu. Nchini Uingereza, uchambuzi wa takwimu za watu karibu 20,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kueleza kuwa wana afya njema na maisha ya kuridhisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilitumika kwa safari moja au kadhaa, na wazee walikuwa miongoni mwa walionufaika.

Hata hivyo, wananchi wanapaswa kufahamu mipaka ya ushahidi huo. Tafiti nyingi zina washiriki wachache. Majaribio ya misitu ya Japani yaliyotajwa hapo juu yaliwahusu zaidi vijana wa kiume. Takwimu za Uingereza zinaonesha uhusiano, lakini hazithibitishi chanzo, kwa kuwa mwenye afya njema hutoka nje kwa urahisi zaidi. Kwa ufupi, manufaa yaliyo wazi zaidi ni ya hali ya moyo, usingizi, utulivu na ushirikiano na wengine. Hakuna ushahidi kwamba matembezi au bustani huponya demensia. Anayemwahidi mgonjwa uponyaji kwa njia hiyo anapotosha.

Uzoefu wa nchi nyingine

Japani ilianzisha rasmi dhana ya kuoga msituni mwaka 1982, kupitia Wakala wake wa Misitu. Msitu wa Akasawa, katika Mkoa wa Nagano, ndio unaotajwa kuwa chimbuko lake. Leo nchi hiyo ina zaidi ya maeneo 60 ya misitu yaliyothibitishwa kwa ajili ya tiba, yenye njia zilizopimwa na waongozaji waliopata mafunzo.

Korea Kusini ilifungua msitu wake wa kwanza wa tiba huko Saneum mwaka 2009, na mwaka 2015 ikatunga sheria ya kuendeleza ustawi wa jamii kupitia misitu. Waongozaji wa tiba ya misitu nchini humo hupatiwa vyeti vinavyotambuliwa na serikali.

Singapore, nchi yenye ardhi ndogo, ilichagua bustani badala ya misitu. Bustani yake ya kwanza ya tiba kwa umma ilifunguliwa mwaka 2016 katika HortPark, kwa kuwalenga wazee, wakiwemo wenye demensia. Lengo la nchi hiyo ni kufikisha bustani 30 za aina hiyo ifikapo mwaka 2030. Njia zake ni pana na tambarare kwa ajili ya viti mwendo, matuta yameinuliwa ili mzee apande bila kuinama, na mimea imechaguliwa kwa harufu na rangi.

Uholanzi imeendeleza mashamba ya huduma, ambapo familia za wakulima na wauguzi huwapokea wazee wenye demensia. Watafiti wa nchi hiyo wamebaini kuwa wakazi wa mashamba hayo hutoka nje na kushiriki kazi za nyumbani mara nyingi zaidi kuliko wakazi wa nyumba za kawaida za kulelea wazee. Uingereza nayo, kati ya mwaka 2021 na 2023, ilijaribu katika maeneo saba utaratibu wa kuwaunganisha wagonjwa wa afya ya akili na vikundi vya bustani, matembezi na uhifadhi. Zaidi ya watu 8,000 walipelekwa katika shughuli hizo.

Jambo moja linajirudia katika nchi zote hizo. Gharama kubwa haikuwa katika miti, kwa kuwa miti ilikuwapo. Kazi ilikuwa kutengeneza njia salama, kuweka benchi, kuandaa mwongozaji na kupanga ratiba.

Historia na fursa zilizopo Tanzania

Matumizi ya kazi za shamba katika huduma za afya ya akili si mageni nchini. Hospitali ya Lutindi, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kuhudumia wagonjwa wa akili. Kazi za bustani, shamba na ufundi zimekuwa sehemu ya matibabu yake kwa vizazi kadhaa. Baada ya Uhuru, nchi ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya utengamao wa wagonjwa wa akili, kikiwemo Vikuruti, pembezoni mwa Dar es Salaam. Huduma hizo zilijengwa juu ya wazo lilelile ambalo leo linafanyiwa utafiti ng’ambo: kwamba mtu hupata nafuu anapokuwa na kazi yenye maana, hewa safi na watu wa kushirikiana nao.

Aidha, upo ushahidi wa ndani kuwa tiba zisizo za dawa zinaweza kutolewa kwa wazee wenye demensia vijijini. Katika Wilaya hiyohiyo ya Hai, wazee 34 wenye demensia ya kiwango cha chini na cha kati walishiriki tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, iliyorekebishwa kulingana na mazingira ya Tanzania. Vikao vilikuwa 14 katika muda wa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuimarika kwa uwezo wa kufikiri na kwa ubora wa maisha. Tiba hiyo haikuwa ya mazingira ya asili. Lakini ilithibitisha kuwa wazee wa kijijini wanaweza kukusanywa, wakashiriki na wakanufaika bila vifaa vya gharama.

Kwa upande wa sera, Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inasisitiza kuwa familia na jamii zina wajibu wa msingi katika matunzo yake. Mabaraza ya wazee, madirisha ya wazee katika vituo vya kutolea huduma na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni vyombo vilivyopo tayari ambavyo vinaweza kubeba shughuli za aina hii.

Maeneo nayo hayakosekani. Msitu wa Rau upo jirani na mji wa Moshi, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ipo karibu na Dar es Salaam, na Morogoro imekaa miguuni pa Milima ya Uluguru. Hata hivyo, kwa mzee mwenye miaka 80, msitu wa mbali si jibu. Mwembe wa nyumbani, uwanja wa shule baada ya masomo, viwanja vya msikiti au kanisa na bustani ya zahanati vina nafasi kubwa zaidi ya kutumika kila siku.

Hatari ya kumfungia mzee ndani

Familia nyingi zinazomtunza mzee aliyeanza kupotea njia hufikia uamuzi wa kufunga geti. Nia yake ni njema: wanahofia magari, visima, na aibu ya kumtafuta mzee mitaani usiku. Lakini mzee anayeketi chumbani siku nzima hupoteza nguvu za miguu, huchanganya usiku na mchana, hukosa watu wa kuzungumza nao na huzidi kuchanganyikiwa. Kila anapozidi kuchanganyikiwa, mlango hufungwa zaidi.

Suala hili lina sura nyingine. Katika baadhi ya jamii, mzee anayezungumza peke yake, anayesahau majina au anayezurura usiku hunyooshewa kidole kuwa ni mchawi, na wapo waliopoteza maisha kutokana na imani hizo. Hali hizo ni dalili za ugonjwa wa ubongo unaotambulika kitabibu. Mzee anayeonekana kila siku akitembea na mjukuu, akisalimiwa na majirani na kujulikana kwa jina, analindwa na macho ya mtaa mzima. Mzee aliyefichwa huachiwa uvumi.

Kwa hiyo, badala ya kuchagua kati ya usalama na uhuru, familia inashauriwa kumtoa mzee kwa utaratibu: saa maalumu, njia ileile, na mtu wa kumsindikiza. Ni vema majirani, wenye maduka na waendesha bodaboda wa kijiweni wafahamishwe hali yake, na mzee avae kitu chenye namba ya simu ya ndugu.

Namna ya kuanza nyumbani

Familia inayotaka kuanza inaweza kufuata hatua zifuatazo:

1. Kumuuliza mzee anachopenda. Aliyekuwa mvuvi anaweza kuhitaji kuketi ufukweni kuliko kupanda maua. Aliyekuwa mfugaji atafurahia kuku au mbuzi.

2. Kuanza na muda mfupi. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinatosha kwa wiki ya kwanza, kisha ziongezwe taratibu kadiri mzee anavyoweza.

3. Kuchagua saa ya ubaridi. Asubuhi mapema na jioni kabla ya giza zinafaa zaidi, hasa katika mikoa yenye joto.

4. Kuandaa bustani inayofikika. Mchicha, matembele au bamia vinaweza kupandwa katika viroba, ndoo kuukuu au tuta lililoinuliwa hadi usawa wa kiti, ili mzee afanye kazi akiwa ameketi.

5. Kumpa kazi ya kweli. Kumwagilia, kuchambua mboga au kulisha kuku ni bora kuliko kumkalisha atazame tu. Asikosolewe anapokosea, mche uliopandwa kombo si hasara.

6. Kutumia harufu na mguso. Mrehani, mchaichai na maua ya asumini huamsha mazungumzo kuhusu siku zilizopita. Mwache asimulie, hata kama simulizi hiyo imeshasikika.

7. Kumshirikisha mwenzake. Wazee wawili au watatu wanaokutana chini ya mti kwa ajili ya bao au mazungumzo hufanikisha mambo mawili kwa pamoja: hewa ya nje na kuondoa upweke.

8. Kuandika mabadiliko. Usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo vikiandikwa kwa ufupi kila wiki, vitamsaidia mtoa huduma za afya.

Kwa mzee asiyeweza kutoka kitandani, kitanda kinaweza kusogezwa dirishani, ua au jani likawekwa mkononi mwake, na mlango ukaachwa wazi asubuhi ili asikie ndege na shughuli za uani.

Katika mitaa na makazi ya wazee

Serikali za mitaa na vijiji, kwa kushirikiana na mabaraza ya wazee, zinaweza kutenga siku moja kwa wiki ya matembezi ya pamoja. Mahitaji ya msingi ni njia isiyo na mashimo, benchi au viti kila baada ya mwendo mfupi, kivuli, maji ya kunywa na choo cha karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kutumia siku hiyo kupima shinikizo la damu na kuwatambua wenye dalili za sonona au usahaulifu usio wa kawaida.

Makazi ya wazee yanaweza kunufaika kwa bustani yenye njia ya mzunguko, inayomrudisha mzee pale alipoanzia bila kukutana na mlango uliofungwa. Mpangilio huo humwezesha mwenye demensia kutembea bila kupotea na bila kujiona mfungwa. Shule za jirani nazo zinaweza kupeleka wanafunzi kujifunza kilimo cha mboga kutoka kwa wazee hao.

Tahadhari

Shughuli za nje zina hatari zake, na zinahitaji maandalizi:

- Mzee avae viatu vilivyofungwa na visivyoteleza. Kwa mwenye kisukari jambo hili ni la lazima, kwa kuwa kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuwa kikubwa.

- Anywe maji kabla na baada ya kutoka. Wazee wengi hawahisi kiu mapema, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza upotevu wa maji mwilini.

- Asiende peke yake ikiwa ana demensia, kifafa, kizunguzungu au historia ya kuanguka.

- Mimea yenye sumu iondolewe, kwa sababu mwenye demensia anaweza kuiweka mdomoni. Mbegu za mnyonyo ni sumu kali, na utomvu wa mnyaa unaotumika kuzungushia nyua huumiza macho.

- Nyasi zifyekwe, na zana zenye makali zitumike chini ya uangalizi.

- Dawa alizoandikiwa na daktari zisisitishwe kwa sababu anajisikia nafuu.

Wakati wa kwenda katika kituo cha afya

Usahaulifu unaoongezeka, kupotea katika njia iliyozoeleka, kushindwa kuhesabu fedha, kubadilika kwa tabia, au huzuni inayozidi wiki mbili ni dalili zinazohitaji uchunguzi wa kitabibu. Zisipuuzwe kwa kusema kuwa ni uzee. Baadhi ya vyanzo vyake vinatibika, ikiwemo upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, na madhara ya dawa. Mzee anayezungumzia kutaka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Vilevile, mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni mgonjwa wa dharura. Hali hiyo inaweza kusababishwa na malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kupungua kwa sukari, ukosefu wa maji mwilini au kiharusi. Matembezi hayatasaidia, kinachohitajika ni kumfikisha hospitali haraka.

Tiba ya mazingira ya asili, kwa hiyo, inakaa kando ya hospitali na haichukui nafasi yake. Thamani yake ni kwamba inaweza kuanza leo, katika kaya yoyote, kwa mti uliopo na mtu mmoja aliye tayari kutembea mwendo wa mzee. Kila Oktoba Mosi dunia huadhimisha Siku ya Wazee. Lakini mzee anayehitaji kutoka nje anahitaji mtu wa kumsindikiza siku nyingine zote za mwaka.